Pointi za Nyumba Moja

"Kilo mia moja na kumi na nane," Sista Nasambu alitangaza, na kwa kweli hakukuwa na haja ya kutangaza. Mlango wa zahanati ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi wafanyakazi sita wa kiwanda cha blanketi wakingoja dawa, na mmoja wao alikuwa Wepukhulu, naibu wa mkuu wa walinzi, aliyekuja na jino bovu. Aliyesimama juu ya mizani alikuwa mkuu wa walinzi mwenyewe, Kimeli. Wepukhulu alitazama viatu vyake kwa adabu. Alicheka baadaye, alipofika langoni.

Yote yaliletwa na wezi wawili. Mwezi wa Agosti, mchana kweupe, waliruka ua na marobota ya blanketi. Kimeli aliwafukuza hatua thelathini hivi, akasimama, akashika kiuno, kazi iliyobaki akaimalizia kwa filimbi. Meneja mpya alikuwa dirishani. "Na si huku Eldoret ndiko wanakotoka wakimbiaji?" aliuliza. Kesho yake ikatoka barua: ifikapo mwisho wa Novemba, daktari wa kiwanda athibitishe kwamba Bwana Kimeli ana chini ya kilo mia, la sivyo Bwana Kimeli atastaafishwa kwa heshima zote, na Wepukhulu atakaimu nafasi yake. Mtu mzima haambiwi kukaimu kwa namna ile huishia wapi.

Jeruto, mke wa Kimeli, alikuwa ameitwa pia, maana Sista alisema habari za tumbo la mtu zinajulikana na mpishi wake. Aliketi pembeni, mkoba mapajani. "Mama naye apande, tuone," Sista akasema. Kilo sitini na moja. Sista akaziandika kwa penseli kwenye pembe ya faili, akaendelea na yake.

Sista Nasambu alikuwa ametoka kozi Nairobi, wiki tatu nzima, akarudi na cheti alichokitundika chini ya picha ya Rais, na mpango mpya wa kupunguza mwili kwa pointi, zinazojazwa kwenye kadi kila siku. Tatizo lake lilikuwa kupata mtu wa kumjaribia. Ilikuwa 1984, mwaka wa ukame, watu wanapanga foleni kununua mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo. Nusu ya nchi ilikuwa inakonda bila kadi. Kwa hiyo alipomwona Kimeli alifurahi kutoka moyoni.

"Kwa siku una pointi ishirini na nne za kula, Mzee. Ugali wa ukubwa wa ngumi, pointi nne."

Kimeli aliitazama ngumi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaona ameumbwa vizuri. "Ngumi hii?"

"Ngumi ya mama. Chapati moja, tano. Kikombe cha maziwa ya mgando, mursik, tatu. Chai ya maziwa na sukari, mbili. Nyama, kipande cha ukubwa wa kiberiti, tatu. Sukuma wiki kula mpaka uchoke, haina pointi."

"Hata kwangu haina."

"Lakini ukifanya mazoezi unaongezewa. Kutembea maili moja, pointi mbili. Kulima saa moja, nne. Kuchota maji, debe tatu... aa, samahani, debe moja pointi tatu. Kupasua kuni, tatu. Hizo unaweza kuzila juu ya zile ishirini na nne, au ukaziacha ukapungua haraka. Ni wewe na roho yako."

Kimeli alinyanyua uso. "Hata kazi za shamba zinahesabiwa?"

"Zote."

"Basi, Sista, usiwe na wasiwasi. Kule kwangu Kapseret kazi ni nyingi sana."

Hapo hakusema uongo. Kule kwake kazi zilikuwa nyingi sana. Ni nani aliyezifanya, Sista hakuuliza. Kozi haikuwa na swali hilo.

---

Wiki ya kwanza Kimeli alijitahidi, tusimwonee. Alitembea maili moja mpaka barabarani badala ya kungoja lifti ya jirani. Alikula ugali wa ngumi ya Jeruto, akanywa maji, akalala na hasira. Kufikia Ijumaa alikuwa amegombana na walinzi wanne, mbwa wa kiwanda, na mchungaji aliyemuuliza tu habari za nyumbani.

Jumamosi jioni, Jeruto alipoleta kadi aijaze, maana mwandiko wake ndio uliokuwa mzuri, Kimeli alisukuma sahani iliyokwisha kung'aa akamuuliza, "Mama Hellen, leo umeenda mtoni mara ngapi?"

"Mara tatu. Kijito cha hapa chini kimekauka, siku hizi tunaenda mto ule wa mbali."

"Na shamba?"

"Nimelima viazi kutoka saa mbili mpaka saa tano."

Kimeli alihesabu kwa vidole, akarudia. "Hiyo ni pointi ishirini na moja! Kuni hujapasua?"

"Nimepasua. Kwani nani mwingine angepasua?"

"Ishirini na nne. Andika."

Jeruto alicheka, akadhani ni mzaha wa njaa. "Niandike wapi? Kadi ni yako."

"Maziwa ukipeleka wewe yanaandikwa namba ya nani?"

Kwenye chama cha maziwa cha pale Kapseret, Kimeli alikuwa memba namba mia mbili na kumi na mbili. Jeruto ndiye aliyekamua ng'ombe, akabeba mtungi, akasimama kwenye foleni asubuhi kwenye baridi. Karani akaandika mia mbili na kumi na mbili, na malipo ya mwisho wa mwezi yakatoka kwa jina la Kimeli. Ndivyo ilivyokuwa kwao, na ndivyo ilivyokuwa kwa kila nyumba mpaka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyewahi kuketi chini akaliuliza jambo hilo.

"Yako," Jeruto akasema.

"Kwa nini?"

"Si kwa sababu nyumba ni moja."

"Basi."

Na Jeruto akaandika. Msimwite mjinga. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hesabu alizijua kumshinda mumewe. Lakini Hellen alikuwa kidato cha tatu, mdogo wake anaingia cha kwanza Januari, na mwanamke anayelala na barua ile ya kiwanda chini ya godoro hupata usingizi kwa shida. Aliona kama kadi ikipendeza, huenda na daktari akapendezwa. Isitoshe, hakuwa anaombwa kazi mpya. Alikuwa anaombwa kuandika tu.

Kimeli akala chapati mbili zilizobaki za Jeruto, kwa kuwa sasa alikuwa nazo pointi.

---

Mtu akishaonja kitu hicho haachi. Baada ya wiki mbili Kimeli aligundua kwamba ziko pointi nyingine zinazopotea bure.

"Na wewe kwa siku una zako ishirini na nne, ama?"

"Mimi sina kadi."

"Kila mtu anazo, kadi ni karatasi tu. Leo asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Mbili. Mchana?"

"Sikula. Nilikuwa shambani. Jioni hii nimekula sukuma na ugali kidogo."

"Nne. Jumla sita. Kumi na nane zimebaki. Zimebaki kwa nani?"

Jeruto alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshika kijiti cha kiberiti anachochokolea meno, uso umetulia, kama mtu aliyepata haki yake baada ya kesi ndefu.

"Baba Hellen, wewe una akili ya ajabu."

"Andika."

Kwa hiyo ikawa kila Jeruto alipoacha kula, Kimeli alikula, na kila alipochoka, Kimeli alistahili kupumzika. Mto ulipozidi kwenda mbali, pointi zilipanda, na Kimeli akaushukuru ukame kimoyomoyo. Jioni akifika kutoka kazini aliuliza, "Umenifanyia mazoezi gani leo?" na aliuliza kwa upendo kabisa. Yunifomu ilipoanza kumbana tumboni, alisema ni sabuni mbaya anayotumia Jeruto, kitambaa kimesinyaa. Wakati huohuo sketi ya Jeruto ilikuwa inashikwa na pini mbili. Hiyo sabuni, sijui, ilikuwa inachagua.

Jumapili moja baada ya ibada jirani yao, Mama Kipyego, alibisha hodi na gorogoro mbili, yaani mikebe miwili iliyojaa, za mahindi ya manjano ndani ya kiondo. Kimeli ndiye aliyefungua mlango. Walitazamana.

"Sikujua uko nyumbani, Mzee," Mama Kipyego alisema. Macho yake yalishuka mpaka kwenye mkanda wa Kimeli, yakakaa hapo kidogo, yakapanda. "Tulimwona Mama Hellen kanisani, tukaongea sisi wamama. Tukasema mwaka huu ni mbaya, mtu anaweza kulala njaa na aibu ikamziba mdomo. Tumechanga."

"Njaa? Nyumba hii?" Kimeli alivimba. "Mimi ni mkuu wa walinzi! Mimi nachinja Krismasi!"

"Ndiyo, Mzee."

"Mke wangu yuko kwenye programu. Programu ya kutoka Nairobi."

"Mke wako?"

"Mimi. Mimi ndiye niko kwenye programu. Yeye ananisaidia."

Mama Kipyego alitikisa kichwa polepole, akaweka kiondo mlangoni, akaenda zake. Jeruto alikuwa amesimama nyuma ya pazia akiyasikia yote, na aibu ilimpanda mpaka masikioni, aibu ya kuchangiwa na wanawake ambao yeye mwenyewe alikuwa anawachangia. Alitamani mumewe ayarudishe mahindi yale. Kimeli aliyaita matusi, akayatukana jioni nzima, na Jumatatu akala ugali wake, ngumi tatu.

---

Tarehe mbili Novemba walirudi kwa Sista. Alikuwa amevaa kofia mpya. Aliipokea kadi, akaisoma mstari kwa mstari, na machozi yakamlengalenga.

"Mzee! Hii kadi nitaipeleka Nairobi waione. Debe nne kwa siku? Kulima saa tatu? Na umekula kidogo hivi! Panda, panda tuone."

Kimeli alivua viatu, mkanda na kofia, akapanda. Sista akasogeza vyuma vya mizani, akavisogeza tena.

"Mia moja ishirini na tatu."

Kimeli aliinama akaisoma namba mwenyewe.

"Mizani yako ni mbovu," Kimeli alisema.

Sista alichungulia nje. Wepukhulu alikuwapo tena, jino lilelile. "Wewe una kilo ngapi?"

"Sitini na nne, Sista. Toka niondoke Bungoma."

"Njoo upande." Wepukhulu akapanda na viatu vyake vya kazi. Sitini na tano. Akateremka, akampigia Kimeli saluti, "Samahani, Afande," akarudi kwenye benchi, akasogea karibu na mlango.

Sista aliketi. "Mzee, Jumanne ulienda mtoni mara nne?"

"Tulienda."

"Ulilima saa tatu?"

"Palilimwa."

"Nani alilima?"

Kimeli alimweleza habari yote kwa utulivu, chama cha maziwa, namba, nyumba moja, kwa kuwa hakuona palipo na kosa. Sista alimgeukia Jeruto, ambaye siku ile alikuwa ameegemea ukuta tangu aingie. "Mama, hebu panda."

Kilo arobaini na nane. Sista alitafuta pembe ya faili, akazisoma zile za penseli, akamshika Jeruto kope la chini, akalivuta, akaona weupe wake.

"Ameshuka kilo kumi na tatu kwa miezi miwili," akasema taratibu.

Kimeli alihesabu. Uso wake ukachangamka. "Basi si hizo? Zitoe kwangu. Mia ishirini na tatu toa kumi na tatu, mia na kumi. Hatujafika, sikatai, lakini tumeanza vizuri."

Sista aliangua kicheko, akashindwa kujizuia, na huko mlangoni Wepukhulu akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. Jeruto hakucheka. Miaka ishirini alikuwa amemjua mtu huyu, na alijua sauti yake ya mzaha, na hii haikuwa hiyo. Alikuwa anataka kweli aandikiwe. Uchungu wa Jeruto haukuwa wa njaa; njaa alikuwa ameshaizoea. Alisikia uchungu kwamba amekwisha kilo kumi na tatu ndani ya nyumba, mezani, mbele ya macho ya mtu, na huyo mtu amekuja kuziona leo, na alichoona ni kwamba zinafaa.

"Mama, kaa chini," Sista alisema, amekwisha kuacha kucheka. Alichukua kadi mpya, akaandika juu yake Jeruto. "Wewe damu imepungua. Kwa siku utakula pointi arobaini. Usiteremke chini ya hapo. Hakuna kulima, hakuna maji, hakuna kubeba kitu miezi miwili. Na wewe, Mzee, kilo ishirini na tatu kwa siku ishirini na nane haziwezekani, hata ukikatwa mguu. Nitamwandikia daktari akuongezee muda mpaka mwisho wa Februari. Yeye ni mtu wa kusikia, na meneja anamsikiliza. Lakini kila jioni mama aweke sahihi kwamba kazi umefanya wewe, kwa mikono yako. Bila sahihi yake hii kadi ni karatasi ya kufungia nyama."

"Nami nimwekee yake?" Kimeli aliuliza kwa matumaini.

"Yake haihitaji. Yeye naona kwa macho."

---

Kesho yake, alfajiri, Kimeli alienda mtoni na mkokoteni ili asibebe debe kama mwanamke, na akaenda mapema ili asionekane. Mtoni aliwakuta wanawake kumi na moja. Walimwamkia vizuri sana. Jioni alilima saa nzima, jembe likamtoa malengelenge, na saa moja kasoro akaiweka kadi mezani mbele ya Jeruto, pamoja na kalamu.

Jeruto alikuwa anakula. Alikuwa anakula ugali na maini, polepole, na hakuharakisha kumaliza. Kisha akanawa, akafungua mkoba, akatoa karatasi nyingine na kuiweka kando ya kadi. Ilikuwa fomu ya chama cha maziwa. Mchana ule alikuwa amemwita Murunga, karani wa chama, akamletea mwenyewe. Mwanamke mwenye mume aliruhusiwa kuwa memba, lakini mumewe aweke sahihi kwamba amekubali.

"Ni nini hii?"

"Ng'ombe wawili wawe kwa namba yangu. Wale wawili niliowalea kutoka ndama. Wawili wengine wabaki kwako."

"Mama Hellen, unataka watu wa Kapseret waseme nimefanya nini?"

"Watasema umeweka sahihi."

"Nyumba ni moja!"

"Ilikuwa moja. Sasa ina kadi mbili."

Kimeli alisimama, akazunguka meza, akarudi. Alitaja mila. Alitaja Biblia, lakini hakukumbuka ni wapi. Akataja Hellen na karo yake, na hapo Jeruto akamkatiza. "Huyo ndiye nilikuwa namfia. Mimi sikatai kukusaidia, Baba Hellen. Kazi yako naitaka kuliko wewe. Lakini niliwekwa kwa mizani, ukaona nimekwisha, ukauliza kama utapewa." "Weka yangu, niweke yako."

Kalamu ilikuwa moja. Kimeli ndiye aliyeanza.

---

Kwa wale wasioweza kungoja, niseme tu kwamba Februari alipita, kwa nusu kilo, akiwa amevua mpaka saa ya mkononi, na Wepukhulu akang'oa jino lake akabaki naibu. Lakini mizani ile haikumtoa Kimeli jasho kama asubuhi ya kwanza ya namba mpya.

Jeruto alikuwa amekatazwa kubeba, na Kimeli alikuwa anahitaji pointi. Kwa hiyo mtungi wa maziwa aliubeba Kimeli, maili moja, kabla ya kwenda kazini, akiwa na yunifomu. Jeruto alitembea nyuma yake mikono mitupu, anatafuna ndizi mbivu, ya pili kutoka nyumbani. Foleni kwenye kituo cha maziwa ilikuwa ndefu, wanawake tupu, na ilifunguka kidogo kumpisha mzee apite mbele. "Hapana," Kimeli alisema, "nitangoja." Akangoja.

Zamu yake ilipofika Murunga alipima maziwa, akafungua kitabu, na bila kuinua kichwa akaanza kuandika mia mbili na kumi na mbili.

"Si hiyo," Kimeli akasema. "Mia nne na tatu."

Murunga alifunua kurasa mpaka mwisho, kwenye karatasi ambayo haikuwa na kitu. Aliandika lita tisa. Kisha kalamu yake ikasimama. Kitabu kile kilikuwa na safu ya kuonyesha aliyeleta maziwa ni nani wa memba, na toka chama kianze safu hiyo ilijazwa neno moja, *mke*, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Murunga alikuwa anaweka kistari kidogo tu kuonyesha ni vilevile kama hapo juu. Hapa juu hapakuwa na kitu.

Murunga alikuwa mtu mwenye huruma. Akainama, akanong'ona, "Mzee, hapa niandike mfanyakazi?"

Nyuma, foleni ilikuwa imesogea karibu. Jeruto aliacha kutafuna. Alimtazama mumewe, na Kimeli akajua kwamba akikubali neno lile, asubuhi hii itakwisha bila aibu, na kwamba jioni hakutakuwa na mtu wa kuweka sahihi, na pengine hakutakuwa na mengine mengi.

"Mume," akasema.

"Sijasikia, Mzee."

Kimeli alikohoa, akavuta koti la yunifomu, na safari hii akaitoa kwa ile sauti anayowaitia walinzi langoni, mpaka wanawake wa mwisho kwenye foleni wakaisikia.

"Andika mume!"